Ridhaa ya Home Farm

Tunasema ndondi za ridhaa, tunasema soka la ridhaa, na neno limezoeleka kiasi kwamba masikio hayalisikii tena. Lugha nyingi za Ulaya humwita mchezaji asiyelipwa kwa jina lililotoka katika Kilatini, na asili yake ni mpenzi, mtu afanyaye jambo kwa kulipenda. Kiswahili hakikwenda huko. Kilichukua neno la Kiarabu lenye uzito wa baraza la kadhi na wa siku ya posa: ridhaa, kukubali kwa moyo, ndugu wa radhi tunayoiomba kwa wazazi na kwa Mungu. Tofauti hiyo si ndogo. Mapenzi humpata mtu bila kumuuliza. Ridhaa haipo mpaka mtu aulizwe na ajibu, naye ana haki ya kujibu hapana, na aliyeitoa jana anaweza kuiondoa kesho. Nadhani waliobuni matumizi hayo walifika mbali kuliko walivyokusudia, na hapa nataka kulijaribu neno lao ugenini, katika klabu moja ya kaskazini mwa Dublin iitwayo Home Farm, iliyoanzishwa mwaka 1928 na iliyo hai mpaka leo. Hoja yangu ni kwamba historia ya klabu ya namna hii haisomeki vizuri katika makombe yake, wala katika majina ya watoto wake waliokuja kupata utajiri Uingereza. Inasomeka kwa kuuliza nani alitoa ridhaa, aliitoa kwa jambo gani, na nani hakuulizwa.

Dublin ya mwaka 1928 ilikuwa mji mkuu wa dola changa. Dola hiyo ilikuwa na miaka 6 tu, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa bado mbichi katika kumbukumbu za kila nyumba, na hata kandanda lilikuwa limegawanyika: mwaka 1921 vilabu vya Dublin vilijitenga na chama cha Belfast vikaunda shirikisho lao, na hadi sasa kisiwa kile kina vyama viwili vya soka na timu mbili za taifa. Katika hali hiyo, kwenye kitongoji cha Drumcondra, pembeni mwa mto Tolka, timu mbili za ligi ya mitaani ziliungana. Moja ilikuwa ya Richmond Road, nyingine ilijiita Drumcondra. Jina la timu mpya halikutoka kwa mtakatifu, wala kwa shujaa wa uhuru, wala kwa kiwanda. Lilitoka kwenye barabara ya jirani, Home Farm Road. Katika matumizi ya Kiingereza maneno hayo yana maana yake mahususi. Bwana mwenye ardhi kubwa aliwakodisha wakulima sehemu kubwa ya ardhi hiyo, lakini kipande kimoja karibu na jumba lake alikiacha kilimwe kwa ajili ya meza yake mwenyewe: maziwa, mayai, mboga, nyama. Hilo ndilo shamba la nyumbani. Nitalirudia shamba hilo, kwa sababu ilifika siku jina likatimia kwa njia ambayo vijana wa 1928 hawakuitazamia.

Kucheza soka katika Ireland ya wakati ule kulikuwa tayari ni uamuzi. Michezo ya wenyeji, kandanda la Kigaeli na mchezo wa magongo uitwao hurling, ilikuwa chini ya Chama cha Michezo ya Kigaeli, chama kilichojiona kuwa sehemu ya kazi ya ukombozi. Soka liliitwa mchezo wa kambi za askari, kwa maana ya askari wa Kiingereza, na mwanachama wa chama hicho aliyelicheza au hata kwenda kulitazama alifukuzwa. Marufuku hiyo haikufutwa hadi mwaka 1971. Haikumwogopa mtu: Douglas Hyde, aliyeutumia umri wake kuitetea lugha ya Kigaeli na aliyekuwa rais wa nchi, alivuliwa ulezi wa chama hicho mwaka 1938 kwa kosa la kuhudhuria mechi ya Ireland na Poland. Kwa hiyo mzazi wa Drumcondra aliyemnunulia mtoto wake njumu za soka alijua kuna mlango anaufunga. Na jambo linalopaswa kushikwa tangu sasa ni kwamba michezo hiyo ya Kigaeli nayo ni ya ridhaa, kutoka timu ya kijiji hadi fainali ya taifa. Uwanja wake mkuu, Croke Park, uko karibu kabisa na mto Tolka, unachukua watu 82,300, na wanaume wanaoujaza kila mwaka kwa fainali ya Ireland nzima hawana mshahara wa kuchezea. Asubuhi ya kazi hurudi kufundisha, kulima, kuuza bima. Anayedhani kwamba soka la ridhaa ni soka la wasioweza, daraja la chini wanaposubiri walioshindwa kupanda, aanze kwa kuutazama uwanja huo.

Lakini kuna pingamizi zito zaidi ya hilo la uwezo, na si haki kulipita. Soka la ridhaa, kama lilivyotungwa Uingereza katika karne ya 19, lilikuwa pia ukuta. Wana wa shule za matajiri waliweza kucheza bila malipo kwa sababu hawakuhitaji malipo. Mfanyakazi wa kiwanda cha pamba aliyesafiri kwenda mechi alikatwa ujira wa siku, na alipoomba afidiwe aliambiwa anauchafua mchezo. Malipo yaliporuhusiwa mwaka 1885 wengi wa waliolalamika walikuwa wenye nacho. Kuna ukweli mchungu hapa: ridhaa ya mtu aliyeshiba na ridhaa ya mtu mwenye njaa hazilingani hata kama zinatamkwa kwa neno moja. Hata Dublin ilikuwa na sura hiyo. Bohemians, klabu ya mwaka 1890 iliyoshikilia kutolipa mpaka 1969, ilikuwa na heshima kubwa, lakini ni heshima ambayo kijana wa bandarini mwenye wadogo watano nyuma yake asingeweza kuimudu kwa muda mrefu.

Pingamizi hilo, hata hivyo, linamhusu mchezaji mtu mzima. Home Farm ilipata umaarufu wake kwa watoto, na mtoto wa miaka 11 hana ujira wa kukatwa. Katika klabu ya watoto, anayefanya kazi bila malipo ni mtu mzima aliyesimama pembeni mwa uwanja. Hapo ndipo mizani inapohama, na nadhani wengi wanaoandika juu ya soka la ridhaa hupitwa na jambo hili kwa sababu macho yao yanaufuata mpira. Itazameni jezi. Ya Home Farm ina mikanda ya buluu na nyeupe inayouzunguka mwili, na katika miongo ya kwanza ilikuwa ya pamba nzito iliyonyonya mvua kama sifongo. Mechi ikiisha, jezi 11 zilizolowa tope huvuliwa, husokomezwa ndani ya mfuko mmoja, na mtu mmoja huubeba mfuko huo kwenda kwake. Majira ya baridi Dublin jua ni haba. Nguo haikauki nje. Kwa hiyo huning'inizwa jikoni, karibu na moto, juu ya viti, juu ya kamba iliyofungwa toka dirisha hadi mlango, na kwa siku mbili tatu nyumba nzima hunuka tope na sabuni. Jumamosi asubuhi ziwe zimekauka, zimekunjwa, na ile namba 7 iliyochanika bega iwe imeshonwa. Mpaka hapo bado wavu haujafungwa, chokaa haijapigwa, refa hajalipwa, na yule mtoto ambaye nyumbani hakuna wa kumwamsha hajapitiwa. Mtu akitoa saa 6 kwa juma, kwa majuma 39 ya msimu, ametoa saa 234. Hakuna aliyemlazimisha. Juma lolote angeweza kuurudisha mfuko na kusema basi, watafuteni wengine. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, nasi huifasiri methali hiyo kama sifa ya moyo mwema; kwangu mimi hapa inaeleza muundo. Klabu iliyosimama juu ya watu wanaoweza kuondoka Jumamosi yoyote, na ikasimama hivyo kwa karibu karne nzima, ni klabu iliyolazimika kila juma kustahili kubakiwa.

Ndani ya jezi hizo alipita Liam Whelan. Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1935 Cabra, kitongoji cha kaskazini kisicho mbali na Drumcondra, akalelewa kisoka na Home Farm, na mwaka 1953, akiwa na miaka 18, Manchester United ilimchukua siku chache tu kabla ya fainali ya Kombe la Vijana la Uingereza dhidi ya Wolves. Mechi ya kwanza ya fainali hiyo United ilishinda 7 kwa 1. Katika msimu wa 1956/57 alifunga mabao 26 ya ligi United ilipochukua ubingwa. Jumla yake katika klabu hiyo ni mabao 52 katika mechi 98, hesabu ya ajabu kwa kijana aliyesifiwa zaidi kwa upole na kwa chenga kuliko kwa mbio. Timu ya taifa ilimpata mara 4 tu. Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyokuwa ikiirudisha timu kutoka Belgrade ilianguka Munich ilipojaribu kuruka kwenye theluji, watu 23 wakapoteza maisha, naye akiwa miongoni mwao, na umri wake ulikuwa miaka 22. Alirudishwa Dublin akazikwa makaburi ya Glasnevin. Mwaka 2006 daraja la reli la Cabra lilipewa jina lake.

Sasa lile shamba. Mtu anaweza kusema, na wapo Waireland wenyewe wanaosema, kwamba Whelan ni ushahidi dhidi yangu. Ridhaa gani, atauliza, katika klabu ambayo kwa miaka zaidi ya 50 ililima watoto kwa ajili ya meza ya jumba la ng'ambo ya bahari? Ronnie Whelan alikwenda Liverpool mwaka 1979. Gary Kelly alikwenda Leeds mwaka 1991. Richard Dunne alikwenda Everton akiwa na miaka 15. Watatu hao kwa jumla waliichezea Ireland mara 185, na katika mazungumzo ya Dublin huhesabiwa kama mavuno. Wale ambao hawakuhesabiwa ni wale waliopanda meli na baadaye ndege wakiwa na umri huohuo, wakapanga chumba kwa mama mwenye nyumba katika mji wasioujua, wakaacha shule, wakaambiwa wakiwa na miaka 18 au 19 kwamba mkataba hautaongezwa, wakarudi kwa aibu isiyo yao. Hao ndio wengi. Mtoto wa miaka 15 huulizwa, ni kweli, na hujibu ndiyo kwa furaha. Lakini msaka vipaji aliyeketi sebuleni akinywa chai na wazazi anajua mambo ambayo mtoto hayajui, na ridhaa ya asiyejua ina kasoro hata mbele ya kadhi mpole kuliko wote. Mtoto alikuwa na radhi za wazazi. Ridhaa yake mwenyewe ilikuwa bado haijakomaa.

Nalikubali pingamizi hili kwa sehemu kubwa, na sidhani kwamba klabu za watoto za Dublin, Home Farm ikiwemo, zilikuwa na jibu la kutosha. Kinachoweza kusemwa ni kwamba hazikuuchimba mto huo wa uhamaji. Kati ya 1951 na 1961 Ireland ilipoteza kwa uhamaji watu wapatao 400,000 zaidi ya waliorudi au kuingia, na sensa ya 1961 ikakuta jamhuri ina watu milioni 2.8 tu, idadi ndogo kuliko wakati wowote wa historia yake ya kujitawala. Mvulana aliyekwenda Manchester kucheza alikuwa akiifuata njia ya kaka yake aliyekwenda Coventry kujenga na dada yake aliyekwenda London kuuguza wagonjwa. Hilo linaeleza tu, halisamehe. Lakini kuna tofauti moja kati ya shamba na klabu ambayo mlinganisho wa shamba huifunika. Mwenye shamba huimiliki mboga. Home Farm haikuwamiliki watoto, kwa sababu haikuwalipa wala kuwafunga kwa mkataba. Ndiyo maana wengi wao waliondoka bila klabu kupata chochote cha maana. Kanuni ya FIFA ya kutoa asilimia 5 ya ada ya uhamisho kwa vilabu vilivyomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23 haikuja mpaka mwaka 2001. Kwa muda mrefu kabla ya hapo klabu ilitoa kitu cha thamani kubwa sokoni na kukitoa bure, na iliweza hivyo kwa kuwa haikukilea kwa ajili ya soko. Unaweza kuiita dhuluma iliyotendewa klabu. Mimi naiona pia kama alama ya aina ya chombo kilichokuwa: chombo ambacho mkono wake haukufumbwa.

Mwaka 1972 mkono huo ulikishika kitu kikubwa. Jirani wa Home Farm, klabu ya Drumcondra (si ile timu ya mitaani ya jina hilo), ilikuwa moja ya majina makuu ya soka la Ireland: mabingwa wa ligi mara 5 kati ya 1948 na 1965, wenye Kombe la FAI mara 5, la kwanza mwaka 1927 ikiwa bado nje ya Ligi ya Ireland. Miaka ya sitini ilipoisha fedha ziliisha nayo. Televisheni ilileta mechi za Kiingereza majumbani, majukwaa ya uwanja wake, Tolka Park, yakabaki wazi, na wenye klabu wakaamua kuachia nafasi yao ligini. Walioipokea ni Home Farm. Kwa msimu mmoja timu iliitwa Home Farm Drumcondra, kisha jina la pili likaondolewa na historia ya miongo mingi ikafutwa kwenye jedwali. Mtu anaweza kuielewa hamu ile. Klabu iliyowalea wavulana hadi miaka 18 na kuwaona wakitawanyika ilitaka kuwa na nyumba ya kuwakalisha, mahali pa kumwambia mtoto kwamba si lazima avuke bahari. Nia ilikuwa nzuri. Lakini Ligi ya Ireland ilikuwa chumba cha mikataba, cha posho, cha mchezaji anayeuliza atapata nini, na klabu iliingia humo na mazoea ya jikoni mwenye jezi.

Na mara moja ikashinda. Hapa ndipo anayenipinga atasimama wima, na ana haki. Tarehe 27 Aprili 1975, katika uwanja wa Dalymount Park, Home Farm iliifunga Shelbourne bao 1 kwa 0 katika fainali ya Kombe la FAI, bao la Frank Devlin, chini ya kocha Mwingereza Dave Bacuzzi, aliyekuwa ameshalichukua kombe hilohilo akiwa na Cork Hibernians. Tangu Bohemians walipoishinda Dundalk 4 kwa 3 mwaka 1935 hakuna timu ya ridhaa iliyokuwa imefanya hivyo. Vijana wasiolipwa waliwashinda wanaolipwa, mbele ya mji mzima. Miezi mitano baadaye walikuwa katika Kombe la Washindi barani Ulaya wakitoka sare ya 1 kwa 1 na Lens ya Ufaransa mjini Dublin. Je, hilo halionyeshi kwamba ridhaa inaweza kukaa kwenye kiti cha malipo na isiungue? Linaonyesha kwamba inaweza kukaa kwa siku moja. Kombe ni mchezo wa siku, na siku moja moyo unaweza kulipa deni la mfuko. Mechi ya marudiano kule Lens iliisha 6 kwa 0. Ligi nayo ni majira ya baridi 27 mfululizo, na katika majira hayo Home Farm haikuwahi kuwa bingwa. Iliishi zaidi kwenye nusu ya chini ya jedwali, kwa sababu kila mwaka wachezaji wake walio bora walichukuliwa na wenye fedha, wa Uingereza kwanza na wa Dublin baadaye. Furaha ya 1975 ni ya kweli na sitaki kuipunguza hata kidogo. Nasema tu kwamba haikubadilisha asili ya kiti.

Tazama kilichofuata katika majina, maana jina ndilo jambo ambalo wenye klabu ya mtaani wanaulizwa kwanza. Mwaka 1995 timu ya wakubwa ilifungamana na Everton ya Liverpool ikaitwa Home Farm Everton. Shamba la nyumbani likaongezewa waziwazi jina la jumba. Mwaka 1999 ikawa Home Farm Fingal, kwa jina la wilaya ya kaskazini mwa mji, na katika miaka hiyo timu ya wakubwa ikatengana na klabu ya watoto. Mwaka 2001 ikawa Dublin City, na ndani ya jina hilo hakukubaki tena barabara, wala mto, wala kitongoji. Ilipanda daraja mwaka 2003. Julai 2006, katikati ya msimu, fedha zikiwa zimekwisha, ilijiondoa ligini na kufa. Miaka 34 tangu Drumcondra walipoachia kiti, kiti kilikuwa kitupu tena.

Mwenye kufuatilia mambo ya fedha atasema kwamba nalazimisha maana. Dublin City haikufa kwa kukosa ridhaa. Ilikufa kama zilivyokufa timu nyingi za ligi ile, kwa mishahara iliyozidi mapato ya mlangoni, na timu isiyo na mashabiki wa kutosha ingekufa kwa jina lolote. Juu ya chanzo cha kifo hatubishani. Tunabishana juu ya nani alikuja matangani. Timu iliyobadilishwa jina mara nne huwa imewaomba mashabiki wake waipende upya mara nne, na kila mara wachache hubaki nyuma kwa sababu waliipa ridhaa timu nyingine, ile iliyokuwa na jina la barabara yao. Wakati deni linapofika, klabu ya aina hii haina mtu wa kuchukua mfuko wa jezi nyumbani; ina wadai tu. Na wakati huohuo, umbali mfupi tu kutoka Tolka Park, katika eneo la Whitehall, Home Farm ya watoto ilifungua mageti yake Jumamosi kama kawaida. Haikuwa na kiti cha kupoteza. Ingekuwa nguvu ya chombo inatokana na fedha na ligi na mikataba, iliyopaswa kufa kwanza ni hii.

Siku hizi swali limegeuka tena, na katika mgeuko huu sina uhakika kamili wa upande nitakaosimama. Tangu tarehe 1 Januari 2021, kwa sababu ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya, vilabu vya Uingereza haviruhusiwi kusajili mchezaji wa nje aliye chini ya miaka 18. Mlango aliopita Dunne akiwa na miaka 15 umefungwa. Kilio changu juu ya ridhaa isiyokomaa kimejibiwa, na hakikujibiwa na dhamiri ya mtu yeyote. Kimejibiwa na sheria za uhamiaji. Kijana sasa hukaa kwao miaka miwili au mitatu zaidi, hula kwa mama yake, humaliza shule. Lakini hakai Home Farm. Vilabu vya Ligi ya Ireland vimejenga vyuo vyao vya soka, na shirikisho limeanzisha ligi za taifa za vijana, ya chini ya miaka 17 mwaka 2015 na ya chini ya miaka 15 mwaka 2017, na walio bora huchukuliwa wakiwa na miaka 13 au 14 na jirani aliye mwendo wa basi. Kuna wanaoliona hili kuwa maendeleo, nami nakubali kwamba mtoto mwenye kipaji kikubwa anafundishwa vizuri zaidi kuliko Liam Whelan alivyofundishwa. Walimu wa vilabu vya mitaani wanalalamika kwamba wanaachiwa kulea na wananyimwa kuona matunda, na malalamiko yao yana haki.

Lakini tuangalie nani anabaki. Anabaki mtoto wa miaka 8 ambaye bado hajui kama ni mchezaji. Wamekuja wasichana, ambao kwa miongo mingi uwanja ule haukuwauliza kabisa, na hilo ndilo doa kubwa kuliko yote katika rekodi ya ridhaa ya vilabu vya aina hii. Karibu nusu ya watoto wa mtaa hawakupewa nafasi hata ya kusema ndiyo. Anabaki pia mvulana wa miaka 15 aliyepitwa, ambaye chuo cha soka kimemtazama mara moja na kumwacha, anayejua kwamba hakuna msaka vipaji atakayekunywa chai sebuleni kwao. Huyo hatazalisha asilimia 5 ya kitu chochote. Hatawekewa daraja. Hakuna sababu ya kibiashara ya mtu mzima kuamka kwa ajili yake Jumamosi ya Januari, giza likiwa bado Whitehall na uwanja ukiwa na maji golini. Mwaka ujao akiamua kuacha, hakuna atakayepiga simu kutoka Liverpool kumbembeleza. Jezi yake ya mikanda ya buluu na nyeupe imekauka tangu Alhamisi, imekunjwa ndani ya mfuko pamoja na nyingine kumi, na aliyeikunja yuko kwenye geti anafungua kufuli.